Mwanamke wa Nyuma ya Noti

Jumanne, tarehe 14 Machi. Asubuhi kulikuwa na manyunyu mepesi, yale usiyoyaona angani lakini ukifika uendako kitambaa cha kichwani kimeshalowa. Niliomba ruhusa kazini, katika chumba cha kufulia shuka za hospitali, nikaenda kwa miguu hadi makumbusho ya fedha. Njiani nilisali sala ya shukrani, kwa maana nilidhani nimeitiwa heri.

Barua ndiyo iliyonifikisha pale. Nina miaka hamsini na mmoja, na huu ni mwaka wangu wa tatu wa masomo ya jioni. Mwezi wa Januari mwalimu alitufundisha kuandika barua rasmi, kisha akataka kila mmoja wetu aandike moja ya kweli, aitie stempu na kuituma. Wenzangu wengi waliilalamikia mamlaka ya maji. Mimi nilikuwa nimesikia redioni kwamba noti ya zamani ya ishirini inaondolewa, na kwamba makumbusho wataiaga kwa maonyesho. Nikawaandikia kuwa mwanamke anayevuna pamba nyuma ya noti ile ni mama yangu mzazi, yu hai, na aliyemchora ni baba yangu.

Walijibu baada ya wiki mbili. Mama alialikwa kukata utepe Ijumaa ya wiki hii, na mimi nikaitwa nifike Jumanne nionane na mtunzaji.

Mtaani kwetu mama hana jina lingine zaidi ya Mama Noti. Nilikuwa na miaka kumi baba alipokuja na noti ya kwanza kutoka kiwanda cha kuchapia, ngumu kama jani kavu, akamwekea mama mkononi na kumwambia, "Umo humu." Kabla ya hapo pesa zetu zilikuwa na kichwa cha mfalme wa watu wengine. Tangu siku ile, kila aliyepita mlangoni alikuwa na utani wake. "Mama Noti, nikatie kipande cha bega nikanunue sukari!" Naye hujibu, "Bega zima, au unataka na kiwiko?"

Mtunzaji wa makumbusho alinipokea mwenyewe. Ni mwanamume mwembamba, mpole, aliyevaa glavu nyeupe za pamba. Alinipeleka chumba cha chini, chenye taa kali na harufu ya karatasi iliyokaa, akanivutia kiti.

"Mama, barua yako ilitufurahisha sana," alisema. "Ndiyo maana nikaona nilitafute jalada la noti ile. Nilitaka mchoro wa asili, tuutundike karibu na mama yako siku ya Ijumaa."

Akafungua jalada jekundu lililofifia. Akanieleza kwamba noti haichorwi mara moja. Kwanza mchongaji huchora kwa penseli, kisha kamati hukaa, huandika maoni yake pembeni na kupiga muhuri, ndipo sura huchongwa kwenye bamba la chuma, mstari kwa mstari. Kila hatua hubaki na karatasi yake.

Karatasi ya kwanza ilikuwa mama. Nilimtambua kabla sijaketi vizuri. Kilemba chake, shingo yake, na zile kope za chini zilizolegea, kama ninavyozikumbuka mwaka ule baba aliporudi kutoka ng'ambo alikosomea uchongaji. Kwa miaka miwili mama alikuwa akichambua pamba kiwandani tangu alfajiri, kisha anarudi kutulisha sisi watatu.

Pembeni, kwa wino mwekundu, kulikuwa na maandishi. Miaka mitatu nyuma nisingeweza kuyasoma. Niliyasoma kwa kufuatisha kidole: *Huyu anaonekana amechoka. Taifa changa halichoki. Itafutwe sura nyingine. Mikono ibaki.*

Karatasi ya pili ilikuwa na mikono ileile na kilemba kilekile. Lakini mtunzaji aliponipa kioo cha kukuzia, niliona kishimo kwenye shavu la kushoto. Mama hana kishimo. Mwenye kishimo ni mama mdogo, mdogo wake wa tumbo moja, aliyekuwa na miaka kumi na tisa wakati huo. Chini palikuwa na tamko fupi, *Nimekubali sura yangu itumike*, na saini yake, na saini ya baba.

Ndugu wawili wanaofanana, kilemba kimoja, na sura isiyozidi ukucha wa kidole gumba. Nani angejua?

"Samahani sana, mama," mtunzaji alisema. "Siwezi kuandika chini ya picha jambo ambalo jalada linalikataa. Lakini sitaki pia kumwaibisha mama yako mbele ya kamera. Nipe jibu kabla ya Alhamisi jioni. Ukitaka, tutaandika tu 'mwanamke mkulima', yaishe."

Nilimshukuru. Kwenye ngazi nilisimama, nikaomba kwa maneno machache: Ee Mungu, nifunge mdomo au unifungue, lakini usiniache katikati.

Nilimkuta baba peke yake uani, akijaribu kuingiza uzi kwenye tundu la kifungo cha koti lake. Mikono iliyochonga mabamba ya nchi nzima siku hizi inatetemeka. Nilichukua sindano, na huku nikishona kifungo nikamwambia nilichokiona.

Hakukana.

"Mwanangu, nilimwambia mama yako hivyo siku moja tu, nimfurahishe," alisema. "Kesho yake mtaa mzima unamwita Mama Noti. Ningeanzia wapi kulivua jina hilo?"

"Na mama mdogo?"

"Nilimsihi anyamaze. Alikuwa mtoto." Kisha akashusha sauti, akanisogelea. "Sikiliza. Wewe sasa si unajua kuandika? Mwandikie yule bwana. Mwambie umelitazama vizuri, ni mama yako. Karatasi zenyewe zimeshachakaa. Nani atabisha na mtoto wa mchongaji?"

Nilikata uzi kwa meno ili nisijibu. Baba huyu ndiye aliyeninunulia daftari langu la kwanza mwaka juzi, akanisindikiza hadi mlango wa darasa kama mtoto wa chekechea. Usiku ule sikugusa kalamu.

Jumatano nilitoka kazini saa tisa alasiri. Nyumbani kulikuwa na kicheko. Mama alikuwa amesimama juu ya kigoda, ameshika mgongo wa kiti, amevaa gauni jipya la Ijumaa. Mama mdogo, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa amepiga magoti akipunguza upindo, pini zimejaa mdomoni. Baba alikuwa pembeni na redio yake. Mwenye duka la jirani alikuja kuchukua blauzi yake, na kama kawaida yake alikuwa haondoki.

"Mama Noti, wakikutoa sokoni Ijumaa thamani yako inashuka!" alisema mwenye duka. "Mimi nitakupokea kwa nusu bei."

"Nusu bei kwako ni nzuri," mama akajibu. "Wewe hata kwa bei kamili hujawahi kurudisha chenji."

Baba alicheka kupita kiasi. Alinitazama kwa jicho la kuomba. Hapo ndipo nilipojua kwamba nikinyamaza Jumatano, Ijumaa mama atakata utepe wa uongo mbele ya nchi nzima, na mimi nitakuwa nimeuandika.

"Mama," nilisema, "jana nilionyeshwa jalada."

"Jalada gani tena?"

Nikasema yote, toka karatasi ya kwanza hadi saini. Sikupamba wala sikupunguza. Nilipofika kwenye wino mwekundu nilisema maneno yalivyoandikwa. Mama mdogo alibaki na pini mdomoni.

Mwenye duka akanyanyuka taratibu. "Basi mimi blauzi nitaifuata kesho."

"Kaa!" mama alisema. "Umeniita Mama Noti miaka arobaini na moja. Leo ndio unakimbia?"

Akakaa.

"Nishusheni hapa."

Nilimshika mkono akashuka, pini zikimchoma miguuni, hakujali. Akamgeukia mdogo wake.

"Toa hizo pini mdomoni."

Mama mdogo akazitoa moja moja, akaziweka kiganjani. "Dada, shemeji alinisihi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Sikujua itakuwa kubwa hivi."

"Kumi na tisa ulikuwa nayo mwaka ule. Leo una sitini. Kila Jumapili unakula mezani kwangu, nakusimulia nilivyokaa kimya ili nichorwe, nilivyojikaza nisipepese macho. Na wewe unaitikia! Unasema, 'Lakini dada ulipendeza.' Ulikuwa unajisifu mwenyewe?"

Mama mdogo alilia. Hakuna aliyemnyamazisha.

Kisha mama akaenda akasimama mbele ya baba, akazima redio.

"Nina swali moja tu. Waliposema nimechoka, ulibisha?"

Baba alitazama viatu vyake. "Walikuwa watu wakubwa, mke wangu. Mawaziri. Mimi nilikuwa fundi tu."

"Nimekuuliza, ulibisha?"

"La."

"Hata neno moja? Hukuwaambia, 'Huyu amechoka kwa sababu mlinipeleka ng'ambo miaka miwili, akabaki na watoto watatu na vumbi la pamba'?"

"Sikusema."

Mama alitikisa kichwa. Nilidhani atalia, lakini macho yake yalikuwa makavu. "Sura kubadilishwa tu, hilo ningelimeza. Sura ya noti ni kazi yako wewe na wakubwa wako. Lakini ulikuja ukaniwekea noti mkononi ukaniambia nimo. Nikaamini. Nikatembea na uso ule barabarani kama wangu. Watu walikuwa wakinitania, nami nawajibu kwa raha, kumbe nyumbani kwangu mna watu wawili wanaojua. Mikono yangu iliwafaa. Mimi sikuwafaa."

"Nilikupenda," baba alisema.

"Sijauliza hilo."

Alikaa kwenye kiti, gauni likiwa na upindo nusu juu, nusu chini. "Ijumaa nitakwenda. Utepe sitaukata, atakata mwingine. Nitakaa kiti cha mbele nikusikilize, kwa kuwa wewe ndiye utakayesema. Si binti yangu, si karatasi za yule bwana wa glavu."

"Mbele ya mkurugenzi wa makumbusho? Mbele ya kamera?" Baba alimtazama mwenye duka, kisha mimi, kama anayetafuta mtu wa kumwombea. "Nina miaka sabini na tisa. Mnataka nife na aibu?"

"Mimi nimeishi nayo bila kujua," mama alisema. "Wewe utaimudu ukiwa unajua. Na sitaki ahadi za chumbani. Simama, sema hapa, hawa wasikie."

Nilifumba macho nikamwomba Mungu ampe nguvu, kwa maana bado ni baba yangu. Nilipoyafumbua alikuwa amesimama, ameshika mgongo wa kiti, kofia ikiwa mkononi.

"Sauti," mama alisema.

Baba akakohoa, akainua kichwa.

"Ijumaa, mbele ya watu wote, nitasema kwamba mwanamke wa kwenye noti si mke wangu. Nitasema nilimchora mke wangu kwanza, wakamkataa, na mimi sikumtetea. Nitasema nikarudi nyumbani nikamdanganya, nikamfundisha na mdogo wake kunidanganyia. Naahidi mbele ya mke wangu, mbele ya shemeji yangu, mbele ya binti yangu na jirani yangu, kwamba nitayasema yote haya kwa mdomo wangu mwenyewe."