Mto wa Nne

"Hivi mtoto akiwa ndani ya kitabu, chakula chake unafunika au mnakula?" jirani aliwahi kumuuliza bibi yake Kijiti. Bibi akajibu kwamba hufunika, maana mwenda mbali hurudi na njaa.

Kitabu chenyewe kilikuwa cha shule, kimoja kwa darasa zima: watoto wanavuka mito saba kumdai kunguru sauti alizowaibia. Walikigombania kama mpira. Kila mwenye zamu alikaa nacho siku mbili, akarudi na magoti yaliyochubuka. Mwalimu hakujali magoti. Alichogombeza ni kurasa kulowa. Basi Kijiti akitoka humo, Bibi alizipiga pasi kurasa, moja moja, kisha akaenda kusali.

Jumamosi asubuhi kitabu kiliamka kizito. Bibi alikibeba kwa mikono miwili hadi mezani, akafunika uji.

Saa nne akaja mwanawe, baba yake Kijiti.

"Shikamoo mama. Mtoto yuko wapi? Bosi wangu anataka wa kumlelea watoto, nimeshamwahidi."

"Marahaba. Na shule?"

"Shule haikimbii, mama."

"Mwanafunzi ndiye kakimbia. Yuko mto wa nne."

Baba hakubisha. Alilamba kidole, akafunua kurasa mpaka kwenye mchoro wa mto wa nne. Watoto walikuwa wamesimama majini hadi kiunoni, wamempa mgongo. Wake alimtambua kwa nywele: zilisukwa kwa mkono wa Bibi, na mstari mmoja haukuwa umemalizika.

"Toka twende," akasema.

Maji yaliyokuwa yakisikika yakanyamaza. Hakuna aliyegeuka.

Baba akainua macho. Mkekani alikaa mdogo wake Kijiti, akipanga vifungo.

"Na huyu?"

"Huyo? Huyo mwenyewe analelewa!"

"Atakulia huko huko. Anajua kusoma? Sitaki mwingine wa kunikimbilia kitabuni."

Bibi alitazama kitabu, akamtazama mjukuu. Uongo mmoja tu ungetosha kumwokoa, na ulimi wake haukuwa umezoea.

"Ndiyo kwanza yuko kwenye irabu," akasema.

Mtoto akasikia anasemwa, akasimama wima kama wafanyavyo darasani. "A, e, i," akasema, akakwama hapo.

Maji yalianza kuchuruzika kutoka kwenye jalada, yakauzunguka uji uliofunikwa. Baba alikifunga kitabu taratibu, akamshika yule mdogo mkono, akatoka naye.