Picha ya Oyat na Neno la Zubaida
Kompyuta ya studio yangu ya picha hapa Bwaise iligoma kuwaka Jumatatu, na mimi Séraphine sina subira na mashine. Ndani yake kulikuwa na picha pekee iliyobaki ya Oyat, askari, marehemu mume wa mteja wangu Lanyero. Nyingine zote ziliharibika maji yalipoingia chumbani kwao.

Lanyero alikuwa amekaa kwenye benchi langu, hana haraka. "Nitangoja tu, Mama Tresor," alisema, akiniita kwa jina la mwanangu. Afadhali angelia.

Zubaida, fundi wangu wa Nakawa, alikuwa ameniachia diski ya Linux: unaitia, kompyuta inawakia humo bila kugusa vya ndani, kisha unanakili picha zako. Haya, nikaitia. Maandishi yakateremka, yakateremka, yakaganda. Nikazima, nikawasha. Yakaganda palepale. Mashine shenzi!

Nikampigia Zubaida. "Kadi ya picha, ile ya kuendesha skrini, ndiyo inasumbua," akasema. "Kabla haijaanza, ongeza pale chini: ladeon, nukta, modeset, sawasawa, sifuri."

Nikaandika ladeon kama nilivyosikia. Ikaganda. Nikaandika tena, polepole. Ikaganda. Nikampigia na hasira zangu: dawa yako haifai kitu!

"Tulia, lafiki yangu," akasema. "Ludia tu."

Lafiki. Ludia. Nikacheka peke yangu kama chizi. Miaka yote namsikia Zubaida, Mganda wa watu, akiniita lafiki, na sikio langu linajua ni rafiki. Lakini neno la kompyuta silijui, nikalimeza zimazima.

"Zubaida, hiyo ladeon inaanza na ile ya redio?"

"Ee, ya ledio! Si ndivyo ninavyosema?"

Nikabadilisha herufi moja, l ikawa r. Diski ikanguruma, maandishi yakapita pale yalipokuwa yakiganda, skrini ikafunguka. Nikaitafuta picha, nikaifungua. Oyat kakaa kwenye kiti cha studio, kavaa sare, macho kayafumba kabisa.

"Pole, dada," nikamwambia Lanyero. "Kafumba macho. Kwa nini sikumpiga nyingine siku ile, jamani!"

Lanyero akainuka, akasogea mpaka uso ukakaribia kugusa skrini.

"Hapana, Mama Tresor. Akitaka kucheka ndivyo anavyofumba," akasema. "Nilikuwa nimeanza kusahau."

Ndipo akalia, nami pamoja naye.