Ramani ya Majivu

Maofisa wa mipango walipokuja kutoka Kajiado mwaka wa elfu mbili na moja, walituambia tuchore ramani ya kijiji chini, kwa majivu na mawe. Mradi wa maji, walisema, ni wa wananchi. Mimi kitu chochote kikiitwa cha wananchi hunitia wasiwasi. Lakini wanawake wenzangu walifurahi, maana tangu tutoke Machakos kuja huku Kitengela, hakuna mtu wa serikali aliyewahi kutuuliza neno.

Tukachora barabara, kanisa, na boma la jirani yetu Simel. Kisha afisa mmoja kijana, Nalianya, akampa mama mkwe wangu Mbeke jiwe jeupe.

"Mama, weka hapo mahali mko na maji tamu."

Maji ya visima vya huku ni ya chumvi, hata maharagwe hayaivi. Lakini Mbeke alijua mahali pamoja kwenye mchanga wa mto mkavu, chini ya mwamba, ambapo ukichimba kwa mikono unapata maji matamu hata kiangazi kikizidi. Tulikuwa tumepafunika kwa miiba, na hatukupataja mbele ya wageni.

"Mwaitu, usionyeshe," nikamnong'oneza, nikimwita mama kwa Kikamba.

"Mficha uchi hazai," akanijibu, akaweka jiwe.

Nalianya alipiga makofi. Diwani wetu, aliyesimama nyuma, hakupiga. Alikuwa akiliangalia lile jiwe.

Kabla mwaka haujaisha, shemeji yake diwani alikuwa amenunua shamba la kando ya mto, akazungusha seng'enge na kuweka pampu. Tukaanza kununua maji yetu wenyewe. Mbeke hakulia. Alituita wanawake wote nyumbani kwake akatuapisha: wale maofisa wakija tena, hakuna kufungua mdomo.

Wakaja tena. Safari hii diwani alitaka pesa za mradi zijenge tangi kubwa, ndani ya ile seng'enge. Nalianya akauliza kama kuna mwenye maoni. Akauliza tena, karibu atubembeleze. Ulimi uliniwasha, lakini Mbeke alinibana mkono. Tukakaa kimya na hasira zetu, tukijiona wajanja kweli.

"Basi kama hakuna mtu anapinga," diwani akasema, "wananchi wamepitisha."

Mbeke akaruka juu. "Hatujapitisha kitu! Sisi tumenyamaza tu!"

"Mama, si mmeulizwa mara mbili? Sasa mkutano tumefunga. Tusimame tuombe."

Nalianya alikuwa ameinamia viatu vyake. Nilimchukia kuliko diwani, kwa sababu yeye alijua.

Diwani akaomba mwenyewe, kwa sauti nzuri, akamshukuru Mungu kwa umoja wa watu wetu na kwa kina mama wanaojua shida za kijiji. Alipomaliza, wanawake waliitikia amina kwa mazoea. Mbeke pia aliitikia. Nilimsikia.