Bia Kwanza

Glasi ya saba ilikuwa na ladha ya moshi, kama vile mtu amezima jiko la kuni ndani yake. Niliinywa mimi. Zote saba nilizinywa mimi, tangu jana yake saa tisa alasiri, baa za Matsumoto zinapofungua milango, kwa sababu rafiki yangu Uematsu Seigo alikuwa ameapa kwamba bia haitapita kooni mwake mpaka iwe ya binti yake. Na huwezi kuingia kwenye baa ya watu, ukakalia stuli yao, ukaulizia mtu, kisha ukatoka hivihivi kama umeingia kukimbia mvua. Lazima uagize. Kwa hiyo yeye akawa anatafuta, mimi nalewa.

“Mwenye baa amesemaje?” Seigo akaniuliza. Alikuwa amenyoosha mguu wake mbovu chini ya kaunta, akisugua goti.

“Anasema hajui mwanamke yeyote kutoka kwetu. Ila bia yake ameisifu sana.”

“Bia yake nani?”

“Bia yake mwenyewe, Seigo. Hii ya moshi. Anasema nisikie harufu ya mti wa cheri.”

“Unaisikia?”

“Nasikia nyumba inaungua.”

Hakucheka. Kwa siku mbili hakuwa amecheka, na mimi mtu asipocheka karibu yangu nachoka kuliko nikibeba gunia.

Acha nieleze kisa chenyewe, maana kwetu Tsuruoka wanakieleza vibaya, na nusu ya ubaya huo niliutia mimi. Nilikuwa kinyozi miaka arobaini. Duka langu lilitazamana na duka la pombe la Seigo, na hakuna jambo lililotokea mtaani lisipite kwenye kiti changu kwanza, likanyolewa, likapakwa mafuta, ndipo likatoka nje.

Kwetu watu wakikaa mezani, kabla ya kuvua koti, kabla hata ya kujua kuna nini cha kula, mmoja husema, “Bia kwanza!” Ni maneno mawili tu. Maana yake: leta bia, yoyote ile, kufikiri tutafikiri baadaye. Si agizo hasa, ni kama kupiga hodi. Mimi nimeyasema tangu nilipoota ndevu, na baba yangu aliyasema siku moja kabla ya kufa, hospitalini, kwa nesi.

Seigo alikuwa na binti mmoja tu, Chigusa. Badala ya kukaa dukani na kuuza bia za makampuni makubwa kama baba yake, Chigusa alikwenda kujifunza kupika bia kwenye kiwanda kidogo huko milimani. Akarudi baada ya miaka mitatu na pipa lake la kwanza, siku ya sherehe ya mavuno. Duka lilijaa. Tulikuwa watu kama arobaini, wengine wamekaa juu ya kreti, na pembeni ya Seigo, kwenye kiti cha heshima, mtu wa mauzo wa kampuni kubwa, na tai yake. Chigusa akammiminia baba yake glasi ya kwanza kabisa, akampa kwa mikono miwili. Seigo akaipeleka mdomoni, akaiteremsha, akafuta midomo, akatutazama.

“Haya, tumeshaonja,” akasema. “Sasa, bia kwanza!”

Nyumba ikalipuka, maana ya binti yake haikuhesabiwa hata kuwa bia. Mtu wa mauzo alipiga goti lake kwa kicheko. Aliyecheka kuliko wote, nasema ukweli, ni mimi. Na kwa mwezi mzima, kila kichwa kilichokalia kiti changu kiliondoka na nywele fupi na kisa hicho, kila siku nikikiongezea chumvi. Kabla theluji haijaanguka Chigusa alikuwa ameondoka. Sasa ni miaka kumi na mitatu.

Mkewe Seigo, Fusae, anajua binti yuko wapi. Anajua mpaka namba ya nyumba. Kila vuli huchuma kaki, matunda ya rangi ya chungwa ya mti wa uani, akayafunga kwenye boksi, akayapeleka posta mwenyewe, na risiti akaificha ndani ya soksi. Mwaka huu madaktari walipomwambia Seigo kwamba goti litapasuliwa Desemba na kwamba baada ya hapo asitegemee safari ndefu, alimwendea mkewe akamwomba anwani. Fusae alikuwa anakuna figili.

“Ulimfukuza kwa mdomo wako,” akamwambia. “Mtafute kwa miguu yako.”

“Fusae, nchi hii ina baa ngapi?”

“Anza na Matsumoto.”

Hilo tu ndilo alilopewa. Mjukuu wangu akatutafutia kwenye mtandao baa zote za mji ule zinazouza bia za wapishi wadogo, akazichapa kwa herufi kubwa za wazee, nane kwa jumla. Jina la Chigusa halikuwepo popote. Ndani ya treni nilimwonya Seigo: “Ukiingia popote, funga mdomo. Mimi ndiye nitakayeagiza, mimi ndiye nitakayesema. Likikuponyoka lile neno mbele yake, tutarudi nyumbani mapema.”

“Mimi si mtoto, Nonaka.”

“Mtoto angekuwa nafuu. Mtoto hajalisema miaka sitini.”

Basi tulizunguka. Tulipanda ngazi, tukashuka mapangoni, tukakaa kwenye baa pana kama kabati. Nilikunywa bia chachu kama ndimu, nyingine nzito kama uji, nyingine ya machungwa iliyoniletea kiungulia mpaka asubuhi. Kila baa ilituletea kisahani cha kukaribishia ambacho hatukukiomba, viazi, maharage, ngozi ya samaki, na Seigo alivila vyote kimyakimya kwa kuwa tumbo lake halikuwa na kazi nyingine. Nikauliza kila mahali: mwanamke, umri kama arobaini, mrefu, lafudhi ya kaskazini. Wote walikuwa wapole. Wote walikuwa hawajui. Mmoja alisema, “Mama mpika bia? Yupo mmoja, lakini hapendi kutangazwa.” Nilipomuuliza wapi, akatabasamu, akafuta kaunta. Watu wa baa wana siri kuliko makasisi, na mimi kinyozi hilo liliniuma.

Baa ya nane ilikuwa imefungwa. Bango la mlangoni lilisema kwamba Jumatano ni mapumziko.

Seigo akalitazama lile bango muda mrefu.

“Twende stesheni,” akasema.

“Tungoje kesho.”

“Goti haliwezi kesho, Nonaka. Na wewe unanuka kama pipa. Iko treni ya saa kumi na moja.”

Sikubisha. Miguu yangu pia ilikuwa imekwisha, na kichwani mwangu bia saba zilikuwa zinagombana. Tukafuata ukingo wa mto Metoba, upepo wa Novemba ukipiga masikio, Seigo akiegemea bega langu kila hatua ya pili.

Karibu na daraja akasimama. Nilidhani ni goti.

“Tazama juu,” akasema.

Juu ya duka la kutengeneza viatu kulikuwa na dirisha. Hakukuwa na bango wala jina. Dirishani zilining'inia kaki zilizomenywa, safu nne, zikikaushwa kwa baridi. Nikasema kila nyumba mkoa huu inaning'iniza kaki mwezi huu.

“Si kwa kitambaa chekundu,” akasema Seigo.

Ndipo nikaona. Watu hufunga kaki kwa kamba. Fusae peke yake, tangu nimjue, huzifunga kwa vipande vyekundu alivyovichana kwenye bitana ya kimono yake ya ujana, mafundo mawili kila kijiti. Zilikuwa zimetoka Tsuruoka hivyohivyo, na vitambaa vyake.

Ngazi zilikuwa na mwinuko kama za darini. Alipanda akishika ukuta, mimi nyuma nikimsukuma kiunoni kwa mikono miwili, na katikati nikamnong'oneza, “Kumbuka. Mimi ndiye ninayesema.” Akatikisa kichwa. Lakini tulipofika juu, sikuwa na pumzi ya kusema hata jina langu. Niliegemea mlango nikihema. Seigo akajivuta mpaka stuli ya kwanza, akaiangukia.

Kilikuwa chumba cha stuli saba. Mabomba tisa ya bia yalijipanga ukutani, na juu yake ubao wa chaki. Mwanamke mrefu alikuwa ametupa mgongo, anasuuza glasi. Mgongo ule niliutambua. Ulikuwa wa Fusae, mama yake. Mteja alikuwa mmoja tu, mama mwenye koti la posta na mashavu mekundu.

“Karibuni,” akasema mwenye baa bila kugeuka. Akanyoosha mkono nyuma, akaweka kitaulo cha moto mbele ya Seigo.

Na kile kitaulo ndicho kilichotuponza. Mtu amechoka siku mbili, amepanda ngazi na mguu mmoja, vidole vimekufa ganzi, halafu anapewa kitaulo cha moto. Seigo akajifunika nacho uso. Akashusha pumzi ndefu iliyotoka kwenye visigino. Na kutoka chini ya kitaulo, kwa sauti ileile ya miaka yote, nikasikia:

“Aaah. Bia kwanza.”

Niliuma ulimi wangu, kana kwamba ndio uliosema.

Maji yakaacha kutiririka. Yule mama wa posta akainua uso, akacheka. “Ehee! Kumbe mzee ni mwenyeji! Anaijua namba moja!”

Nikatazama ubao. Namba moja, kwa chaki nyeupe: *Bia Kwanza*. Chini yake nyingine nane, zenye majina ya mito na maua.

“Ndiyo inayotoka kuliko zote,” mama wa posta akanieleza. “Wageni wakiingia wanasema tu, wanaipata. Nusu yao hawajui kama wameagiza. Chigusa, mpe mzee wa watu.”

Chigusa alikuwa ameshageuka. Alimtazama baba yake, kitaulo bado usoni, kisha akanitazama mimi mlangoni. Sijawahi kutazamwa hivyo, na nimewahi kumkata mtu sikio. Halafu akachukua glasi, akaiinamisha chini ya bomba la kwanza, akamimina. Akasubiri povu, akaongeza, akaiweka mbele ya baba yake.

Seigo akateremsha kitaulo.

Hawakusalimiana. Seigo alichukua glasi kwa mikono miwili, akanywa. Si kuonja. Alikunywa, koromeo likapanda na kushuka, mara nne, mara tano, mpaka nusu. Akaiweka chini.

“Chungu,” akasema.

Nikafumba macho.

“Ndivyo nilivyoipika,” akasema Chigusa.

“Chungu, halafu inakuja kitu kama ganda la mkate. Halafu unataka tena.” Alikuwa anaongea na glasi. “Ndiyo ileile ya siku ile?”

“Ileile.”

“Basi nilikuwa sijui. Siku ile sikuinywa.” Mama wa posta akashusha glasi yake. “Niligusa mdomo tu. Yule mtu wa kampuni alikuwa amekaa pale, nikaona nikiisifu atanitazama vipi. Nikatafuta la kuchekesha. Sikuionja, Chigusa. Nilisema tu.”

“Najua,” akasema.

“Unajua?”

“Povu halikushuka, baba. Mimi ndiye niliyeiosha ile glasi. Ilikuwa imejaa.” Akachukua kitambaa, akafuta kaunta iliyokuwa kavu. “Ungeinywa ukaichukia, ningebaki. Ningepika nyingine.”

Seigo alitazama mikono yake. Mimi nikaona ni zamu yangu, nikajikokota mpaka kaunta.

“Mwanangu, na mimi siku ile...”

“Wewe, Mjomba Kinyozi, ulicheka mpaka ukashika ukuta. Nilikuona.” Akanimiminia glasi, akaisukuma mbele yangu. Ilikuwa ya maji. “Nasikia unanuka mpaka huku. Kunywa yote.”

Nikanywa yote. Kati ya glasi zote za safari ile, hiyo ndiyo tamu niikumbukayo.

“Mama ndiye aliyekupa anwani?” akamuuliza baba yake.

“Alininyima. Akasema nilikufukuza kwa mdomo, nikutafute kwa miguu.”

Chigusa akainama, akalitazama goti lililonyooshwa pembeni ya stuli. Kitu kikamcheza pembeni ya mdomo.

“Naona umekuja kwa mmoja.”

“Mwingine ni wa Nonaka,” akasema Seigo.

Chigusa hakutoka nyuma ya kaunta. Nasema hivyo kwa sababu huko kwetu najua nitaulizwa kama walikumbatiana, kama walilia, na safari hii sitaongeza chumvi. Alinyoosha mkono tu juu ya kaunta, akaisogeza stuli nyingine, mguu wa baba yake ukapata pa kulala. Seigo akamaliza glasi. Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja kasoro robo, na stesheni, kwa mwendo wetu, ni dakika ishirini.

“Nyingine,” akasema.

“Ipi? Ziko tisa.”

Nilimjua, nikajua atakachosema. Midomo yake ilikwishaanza kulitengeneza neno. Akaifunga. Akaingiza mkono ndani ya koti, akatoa miwani yake ya kusomea, akaipangusa kwa kile kitaulo, akaivaa, akainua uso kwenye ubao. Kwa miaka sabini na minane hakuwahi kusoma orodha ya baa yoyote. Akaanza na namba moja, polepole, midomo ikicheza, akiuliza hii imetiwa nini, na hii, na Chigusa akimjibu moja baada ya nyingine kama mtu anayesoma barua za zamani.

Treni yetu iliondoka akiwa kwenye namba sita.