Mdomo wa Bwana Pahlke

"Mwambie ahesabu tu," mwongozaji aliniambia. "Moja mpaka ishirini, kisha aanze tena. Lakini kwa hasira."

Nikamfasiria Bwana Pahlke kwa Kijerumani, naye akanikodolea macho utadhani upuuzi ule nimeutunga mimi. Alikuwa amevaa koti zito la mfanyabiashara wa kasumba wa Kiingereza, jasho linamchuruzika mpaka kwenye kola. Mjerumani anaigiza Mwingereza katika tamthilia ya Kichina, na mfasiri wake ni mwanamke wa Kizanzibari. Ukitaka kucheka, cheka; mimi siku ile sikuwa na kicheko.

Ilikuwa Guangzhou, mwaka 1998. Kontena langu la nguo lilikuwa limekwama bandari ya Huangpu na wakala alikuwa hodari wa kusema kesho. Nilipopata kibarua cha kufasiri nikakidaka. Kijerumani nilikipata Leipzig, nilikopelekwa na serikali kusomea ufumaji kabla ukuta wa Berlin haujaanguka. Kichina nilikipata sokoni, kwa kugombana.

Tamthilia zile hazikuwa na habari na sauti ya uwanjani. Mwigizaji anachezesha mdomo mbele ya kamera, halafu mtu mwingine kabisa anamwingizia sauti studioni. Mgeni asiyejua Kichina anahesabu kwa lugha yake, ilimradi mdomo uonekane unafanya kazi.

Kumwambia mtu yeyote ahesabu ni sawa. Kumwambia Pahlke ilikuwa kumtukana.

Sura yake hakuna aliyeijua. Huko kwao aliigiza tarishi, mlinzi wa geti, adui anayeuawa kabla sinema haijachanganya. Lakini sauti! Kwa miaka mingi yeye ndiye aliyekuwa akimwingizia Kijerumani stelingi mmoja wa Kifaransa, na sisi wanafunzi wa bweni la Leipzig tulikijua Kijerumani kitamu kwa sauti ile. Siku ya kwanza aliponiambia habari za asubuhi hotelini, nilipiga kelele mpaka watu wa mapokezi wakatoka. "Ni wewe!" Akatabasamu kidogo, macho yamemlowa.

"Jirani yangu wa mlango wa pili hanijui," alisema. "Wewe umetoka Zanzibar unanijua."

Ukuta ulipoanguka, kumbe upande wa pili, Ujerumani Magharibi, Mfaransa yule alikuwa na mtu wake mwingine wa sauti. Hawakuhitaji wawili. Pahlke akabaki na sura tu, sura ambayo haikuwahi kumlisha vizuri.

Kwa hiyo alikuwa na ombi moja. Mwisho wa tamthilia mfanyabiashara yule anatubu kabla ya kufa. Pahlke alitaka maneno yale yasikike kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kijerumani, na Kichina kiandikwe chini. Maishani mwake mwote sura yake na sauti yake hazijawahi kukutana katika hotuba moja ya maana. Alikuwa na miaka sitini na kitu, na aliona hapa ndipo.

Mwongozaji akamsikiliza, akampigapiga begani. "Mei wenti!" Hakuna taabu.

Nikamwonya pale pale. "Bwana Pahlke, katika mji huu mtu akikwambia hakuna taabu, ndipo uanze kuingiwa na wasiwasi. Hataki kukukatalia usoni, basi."

"Amesema mbele ya watu," akajibu. "Mwanamume akisema, amesema."

Nilipomsimulia Abass, mwenzangu wa Dar tuliyekuwa tukipakia naye mizigo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Da Swalha, huyo mzee anapigwa danadana! Mimi laoban, bosi wa kiwanda cha viatu, ananipiga mei wenti toka mwezi wa Ramadhani."

Siku ya kutubu ikafika. Pahlke akapiga magoti kwenye vumbi, akaanza. Hakuhesabu. Alisema hotuba aliyojiandalia mwenyewe, juu ya mtu aliyeuza sumu kwa adabu nzuri na sasa anaona aibu hata kuomba maji. Sauti ile ya Leipzig ilikuwa imezeeka, na ilikuwa nzuri zaidi.

Na muda wote huo mwongozaji alikuwa anapayuka kwenye kipaza sauti cha mkononi. "Farasi arudi nyuma! Askari wa kushoto, acha kutafuna! Mgeni, kichwa juu!" Alipiga kelele mwanzo hadi mwisho, juu ya kila neno. Kwa nini anyamaze, na hakuna sauti inayorekodiwa? Pahlke hakukwama hata mara moja. Alimaliza, akainama, akafa vizuri kabisa.

"Hao!" akasema mwongozaji, yaani safi kwa Kichina. Wote wakakimbilia chakula.

Mimi nilimfuata mwongozaji nikamtolea maneno yote niliyokuwa nayo, na ya kontena langu pia nikayachanganya humo. Akanisikiliza kwa heshima. Akasema hakuna taabu.

Wiki iliyofuata Pahlke alishikilia twende studioni. Tulimkuta Bwana Luo, mzee mwembamba mwenye chupa ya chai, amesimama mbele ya maikrofoni; nikamwambia mgeni huyu naye kwao alikuwa wa kazi hiyo hiyo. Kwenye skrini Pahlke anapiga magoti. Luo anasema Kichina, anawahi, mdomo wa Pahlke unabaki unatikisika peke yake. Wanarudia. Sasa anachelewa.

"Mwulize mgeni anapumua wapi," Luo akaniambia kwa unyonge.

"Mwambie simsaidii," Pahlke akasema, mikono kifuani. "Mwambie mimi si mwizi wa kumfungulia mwizi mwenzangu mlango."

Sikumwambia. Wakarudia tena, vibaya. Pahlke akaanza kujikunja kwenye kiti kama mtu anayeumwa jino. Mara ya nne uvumilivu ukamwisha. Aliinuka, akasimama nyuma ya Luo, akamwekea mkono begani. Kila palipokuwa na pumzi akambonyeza kidogo. Luo akafuata mkono ule. Hotuba ikaingia mdomoni mwa Pahlke kama mguu kwenye kiatu chake.

Fundi mitambo akapiga makofi. Alimpigia Luo.

Luo akageuka, akamshika Pahlke mkono kwa mikono yake miwili. "Nimewasemea wageni maisha yangu yote," akasema. "Hakuna aliyewahi kuja kunisikiliza. Wako, yule uliyemsemea, alikuja?"

Nikafasiri, na Pahlke akajibu.

"Alikuja Berlin mara moja. Nilimngoja mlangoni pa studio na tai mpya. Akapita, hakuingia. Nikamchukia miaka yote hii, nikidhani ni maringo." Akatazama skrini, ambapo picha yake ilikuwa imesimamishwa mdomo wazi. "Kumbe hakutaka kusikia mdomo wake ukisema kwa sauti ya mtu mwingine."

Sikulifasiri hilo. Luo alikuwa bado anatabasamu.

Kwenye teksi nilijitahidi kumchangamsha. Nikamuuliza kama ana njaa, kama tupitie mahali tule tambi. Alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo. Midomo yake ikaanza kucheza, nami nikainama ili nimsikie vizuri.

Alikuwa anahesabu. Moja, mbili, tatu, nne, kwa Kijerumani, bila sauti.