Nyuzi Tano za Nahodha

Tangu asubuhi mama fundi alikuwa amelipiga pasi gauni lile lile mara tatu, na bado aliliona lina mikunjo. Bintiye angekuja saa kumi. Kwenye simu alikuwa amesema, "Mama, kesho kituo cha televisheni kinataka jibu langu: naandika msimu wa pili au naacha. Nataka ukweli. Tamthilia yangu ilifika pale ilipotakiwa kufika?"

Ukweli mama fundi alikuwa nao. Ulikuwa umemkaa kooni miezi minne, kama mwiba wa samaki. Lakini mara ya mwisho kumwambia bintiye ukweli, kuhusu mchumba wake, alikaa mwaka mzima bila kuuona uso wake.

Tamthilia ilihusu chombo cha angani kilichopotea njia, wasafiri wakipungua mmoja mmoja. Binti ndiye aliyeitunga. Mavazi yote meupe ya wasafiri yalishonwa katika chumba hiki, kwa cherehani hii yenye kanyagio linalolia. Na kilichowashika watazamaji mwanzoni hakikuwa mataa wala mizinga. Ulikuwa mkono wa kushoto wa nahodha. Kila msafiri alipokufa, nahodha alichomeka uzi mwekundu kwenye mkono wa vazi lake, akauacha ukining'inia. Kufikia sehemu ya sita nyuzi zilikuwa tano, na pale kwa kinyozi wa jirani watu walikaa wamenyolewa nusu kichwa, wakizihesabu.

Kisha mwigizaji wa nahodha akakonda. Vazi likaletwa lipunguzwe kiunoni, mbio mbio, gari likisubiri nje. Mama fundi akapunguza, akapiga pasi, halafu akafanya anachoifanyia kila nguo kabla haijatoka mikononi mwake, miaka arobaini sasa: akachukua mkasi mdogo, akakata nyuzi zote zinazoning'inia.

Aligundua siku sehemu ya saba iliporushwa. Mkono wa nahodha ulikuwa mweupe kama sahani. Akashika kichwa, akangoja simu. Haikupigwa. Sehemu ya nane, nahodha anapiga utani. Ya tisa, kukimbizana na kulipuana tu. Wafu watano hawatajwi hata kwa bahati mbaya.

"Mchezo ulianza unanguruma," kinyozi alisema, "sasa unapiga miayo."

Saa kumi na robo binti akaingia, akaketi kwenye kigoda cha wateja.

"Umekonda," mama alisema.

"Usianze, mama."

"Nikuchemshie chai?"

"Chai baadaye. Niambie."

Mikono ya mama fundi ikatafuta kazi. Ikaokota pini mezani, moja moja, ikizichomeka kwenye kimto chake.

"Haikufika, mwanangu. Ilifika nusu, ikawasahau waliokufa. Na aliyeisahaulisha ni mimi."

Akafungua kopo la vifungo. Juu ya vifungo zililala nyuzi tano nyekundu, alizozichambua kwenye mfuko wa vipande vya nguo.

Binti alizihesabu kwa kidole. Nje mashine ya kinyozi ilikuwa ikiunguruma. Ikazimwa, ikawashwa tena.

"Ni wewe?"

"Mkono umezoea mkasi. Haukuniuliza."

"Mimi nilidhani ni mwongozaji," binti alisema polepole. "Alishaniambia nyuzi zinawanyima watu raha. Nilipoona mkono mtupu nikajua ameamua. Nikaogopa kumuuliza, asije akanitoa kazini. Nikaandika kama hazikuwahi kuwepo." Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Wewe ulikata uzi, mama. Wafu niliwafuta mimi."

"Umenikasirikia?"

"Sana. Nikimaliza nitakuambia." Alikuwa ameshatoa daftari. "Msimu wa pili. Nahodha anaamka, anavaa, anaupapasa mkono. Hakuna kitu. Anauliza, nani kakata?"

"Watamjibu nini?"

"Sijui bado. Watazamaji wengi wameshahama, na mwongozaji anaweza kukataa. Lakini kesho nawaambia hivyo: naandika ikianzia hapo. Wakikataa, naacha."

Mama fundi akaivuta sindano, akaanza kuingiza uzi mwekundu kwenye tundu. Uzi ukapita pembeni.

"Usizishone," binti alisema. "Mkono ubaki mtupu."

Akauchukua mkasi mdogo, akautumbukiza kwenye mkoba wake. "Na huu naondoka nao."

Mama fundi akamsindikiza hadi mlangoni. Mlango ulipofungwa alirudi kwenye gauni la mteja. Pindoni uzi mmoja ulikuwa ukining'inia. Akaushika, akautazama, akauacha.