Kioo cha Pili Nyuma ya Nukta

Haya, tega sikio nikutegee. Kilima kimekuja hadi mlangoni pangu na nyasi hazikukanyagwa. Ni nini?

Usiniambie ukungu. Ukungu ukija, kilima kinapotea. Wewe fikiri taratibu, jibu utalikuta njiani.

Verlene Haugen ni jirani yangu tangu tukiwa wasichana wa kusuka nywele mikia miwili. Yeye anafuga kondoo upande huu wa korongo, mimi siku hizi nafuga kuku na maumivu ya magoti. Mumewe Harlan alipofariki alimwachia vitu viwili alivyovipenda: bunduki yake, ambayo juu ina kioo kidogo chenye nukta nyekundu ya kulengea, na Otis, mbwa wa kijivu aliyekuwa akilala mlangoni kama mkeka.

Ikifika Novemba, msimu wa kulungu, kila mtu huku Montana humvalisha mbwa wake mkanda wa shingoni wa rangi ya chungwa, ile rangi inayopiga kelele, ili mwindaji asimdhanie mnyama wa porini. Otis alikuwa na wake. Asubuhi moja akatoka asirudi. Tuliona damu kwenye nguzo moja korongoni, kisha tukamkuta ng'ambo ya korongo, kwenye seng'enge ya Dwight Kessler kando ya barabara, ananing'inia kichwa chini katikati ya koyote waliokufa.

Koyote ni mbweha wa nyika zetu, na kwa mfugaji ni mwizi wa wana-kondoo. Anayewaua huwatundika kwenye ua wake, wapita njia wajue hajalala. Hilo halimkeri mtu. Lakini pale katikati alikuwa Otis, na shingoni hana mkanda.

Nilikata kamba, Verlene akampokea mikononi. Hakulia. Alimlaza kwenye kiti cha mbele cha gari, nami nikapanda nyuma penye majembe, tukaenda moja kwa moja hadi kwa Dwight. Tulimkuta anatengeneza trekta.

"Alifanana na koyote," Dwight akasema kabla hajaulizwa. "Kijivu, mbali, anakimbia. Sikuona mkanda wowote. Mimi nina nukta tu kwenye bunduki, sina darubini. Pole sana, Bi Verlene."

"Sikukuuliza alifanana na nani. Ulipomlenga, uliona nini?"

Dwight akafuta spana kwa kitambaa. Akaifuta tena. Akatazama juu.

"Theluji inakuja," akasema, akajiingiza chini ya trekta.

Sasa ujue, Dwight alikuwa na kinyongo. Alilitaka lile korongo lenye chemchemi kwa ajili ya ng'ombe wake, na Verlene alimkatalia mara kwa mara, mara ya mwisho mbele ya watu. Kwa hiyo swali lile halikuwa la bure. Verlene alitaka kujua kama mbwa wa mumewe aliuawa kwa bahati mbaya, au aliuawa badala yake yeye.

Lakini mezani pale mkahawani, ambapo wanaume wetu hunywa kahawa kila asubuhi na kuhukumu dunia nzima, kesi ilishakatwa. Mkanda ulinaswa na waya ukakatika, walisema. Dwight ana nukta tupu, na nukta tupu haikuzi kitu. Mbwa wa kijivu kwa umbali ule ni koyote kwa jicho la mtu yeyote. Verlene akipita waliinamia vikombe. Mmoja akathubutu kumwambia, "Mama, mbwa ni mbwa. Chukua mwingine." Verlene alimwangalia mpaka kahawa ya mtu yule ikapoa.

Theluji ikaja, ikaondoka. Kondoo wakazaa. Na kila asubuhi wana-kondoo walipotoka, alivuka mbwa wa Dwight, jike jekundu aitwaye Ruby, akaja kuwafukuza huku na huku kwa mchezo. Dwight hana mke wala mtoto; Ruby ndiye anayekaa naye mezani. Na huku kwetu mbwa akionekana kati ya kondoo, mwenye kondoo ana haki ya kumpiga risasi, wala hakuna atakayekuja kuuliza.

"Namtaka yule," Verlene akaniambia.

"Bunduki unayo. Ananyemelea hapo kila siku, unangoja nini?"

"Siyo hivyo, mwenzangu. Dwight anasema aliua asichokiona. Mimi nataka kuua ninachokiona. Nione hadi kope zake. Halafu akija kuniuliza uliona nini, nitamwambia."

Nilitakiwa kumkataza. Niliwasha gari.

Duka la bunduki la Orrin, ambako Harlan alikuwa mteja, liko mji wa pili, kwa hiyo Orrin hanywi kahawa na wanaume wetu wala hajui kesi zetu. Ni mrefu, mwembamba, na huongea habari za bunduki kama fundi cherehani anavyoongea habari za kitambaa. Verlene akamwekea bunduki ya Harlan mezani, haina risasi.

"Nataka cha kukuza. Kikae nyuma ya hii nukta. Na usinionyeshe bei ya kumfanya kondoo azimie."

Orrin akatoa vitatu, kila kimoja kifupi na kinene kama chupa ya vidonge.

"Hiki cha kwanza ni cha askari na matajiri. Kizuri mno. Nakuonyesha tu ujue nina adabu."

"Kirudishe."

"Hiki cha pili kinakuza mara tano, na bei yake ni chini ya buti ulizovaa. Chungulia."

Verlene akachungulia. "Naona giza."

"Sogea mbele."

"Sasa naona kope zangu."

"Ndiyo maradhi yake. Kinataka ukibandike jicho kama mtu anayechungulia tundu la funguo. Ukitikisa kichwa kidogo tu, usiku umeingia. Watu wanaona mara tano, wanadhani wingi ndio uzuri. Wakifika nyumbani wananilaani mimi hadi mama yangu mzazi." Akakiweka kando. "Hiki cha tatu kinakuza mara tatu tu. Lakini angalia dirisha lilivyo pana. Kina bawaba: ukikihitaji unakileta nyuma ya nukta, usipokihitaji unakilaza pembeni. Na kimo chake kinalingana na kioo cha mzee Harlan. Kisingelingana ungeona nusu mwezi, nusu giza."

Verlene akakivuta mahali pake. Kikalia *tak*.

"Mbona nukta imepasuka kama nyanya iliyokanyagwa?"

"Hayo ni macho yako, bibi, usinisingizie kioo. Kikuzaji kinakuza vyote, hadi ubovu wa jicho. Vaa miwani. Punguza mwanga wa nukta. Sasa?"

Verlene akavaa miwani, akachungulia tena. Kisha akasema polepole, "Sasa ni tone la damu kwenye ncha ya sindano."

Alikuwa anatazama nje, ng'ambo ya barabara, dirisha la kinyozi.

"Yule paka wa kinyozi ana jicho moja," akasema.

"Tangu azaliwe," Orrin akacheka. "Ila nikuambie ninachowaambia wote. Kikuzaji hakilengi. Nukta yako kama imepotoka, itabaki imepotoka, ila kosa lake utaliona vizuri zaidi. Kazi yake ni moja tu, kukuonyesha unampiga nani."

Alikuwa anakitafutia boksi. Na bila neno moyoni, kama mtu anayesifia unga wake, akaongeza:

"Na hutajuta. Ndicho kinachotoka sana. Hata jirani yenu Dwight alichukua pacha wake."

Nilimwona Verlene akishika ukingo wa meza.

"Lini?"

"Oktoba hii iliyopita. Alikitaka kabla ya msimu wa kulungu, nikamfungia mwenyewe hapahapa juu ya bunduki yake."

"Nipe," Verlene akasema. "Nipe hichohicho."

Tulipofika kwake hakuingia hata ndani. Aliteremka korongoni na mkanda mpya wa rangi ya chungwa, akaufunga kwenye nguzo pale tulipoikuta damu ya Otis mwezi wa Novemba. Kisha tukapanda mpaka kwenye mwinuko ulio mbali na nguzo sawasawa na ule ambapo Dwight huegesha gari lake akiwinda. Akaegemeza bunduki tupu juu ya boneti.

Kwanza akatazama na nukta peke yake. "Kijiti," akasema. "Kijivu. Wale wa mkahawani hawakudanganya."

*Tak*.

Akavuta pumzi, akaniachia nafasi. Nikaweka jicho, na kilima cha ng'ambo kikanijia hadi mlangoni, hakikukanyaga jani. Haya, jibu umelipata. Nguzo niliiona na magamba yake. Na mkanda ulikuwa unawaka pale kama kiini cha yai kwenye sahani.

"Kipofu angeuona," nikasema.

"Yeye si kipofu," Verlene akasema. Kwa mara ya kwanza tangu siku nyingi, sauti yake ilikuwa imetulia, na utulivu ule haukunipendeza.

Asubuhi yake tulikuwa palepale kabla kahawa haijapoa kwenye chupa. Safari hii bunduki ilikuwa na risasi. Jua lilipogusa seng'enge, Ruby akapenya chini ya waya, akajikung'uta, akaingia kati ya kondoo. Wana-kondoo wakatawanyika wakilia.

Verlene akakivuta kikuzaji mahali pake.

"Namwona," akasema. "Ana kovu puani. Sikio moja limekunjika. Nukta iko kifuani."

Mimi nilikuwa nimeshaziba masikio. Nikangoja. Nikangoja mpaka mikono ikachoka.

"Mwenzangu," akasema bila kuinua uso, "ukishamwona ni nani, kidole kinakuwa kizito kama nyundo. Lazima ukilazimishe. Lazima utake." Akavuta pumzi. "Basi mwenzangu, yule mwanaume alitaka kiasi gani?"

Nikashusha mikono kutoka masikioni.

"Huyu hatoshi," Verlene akasema. "Mbwa hatoshi kunilipa mimi."

Akatoa risasi na kikuzaji, akavitia mfukoni. Kisha akapiga mluzi, ule mluzi wa Harlan wa kumwitia Otis, akatoa kipande cha nyama ya nguruwe ya kukaanga kwenye mkate wangu, bila hata kuniomba. Ruby akapanda kilima anatikisa mwili mzima. Verlene akampitisha kamba shingoni, akamfungulia mlango wa mbele.

"Twende mkahawani," akasema. "Saa hizi wamejaa."

Walikuwa wamejaa kweli. Verlene aliingia na Ruby, akakaa kwenye kiti cha mwisho cha ile meza ndefu, kiti ambacho mwanamke hakikalii. Ruby akajilaza juu ya miguu yake.

"Lo, Verlene umempata mwingine," yule wa mbwa ni mbwa akasema. "Nilikuambia." Halafu akamtazama mbwa vizuri, na tabasamu likamfia usoni.

Verlene akatoa kikuzaji mfukoni, akakisimamisha mezani katikati ya chumvi na shira ya chapati za maji. Hawakuuliza ni nini. Hakuna mwanaume pale asiyekijua.

"Nimekinunua kwa Orrin," akasema. "Orrin anasema Dwight alinunua pacha wake. Oktoba."

Vijiko vikatulia. Mmoja akasema taratibu, "Oktoba? Si alituambia ana nukta tupu?"

Dwight alikuja akihema, amezunguka mashamba yote akiita. Alimwona Ruby kwanza. Halafu akakiona kilichosimama karibu na chumvi, na hatua zake zikaisha hapohapo.

"Bi Verlene," akasema, kofia mkononi. "Nimekuja kumchukua mbwa wangu."

"Alikuwa kati ya wana-kondoo wangu leo asubuhi. Nilikuwa na nukta kifuani mwake. Nilimwona vizuri, Dwight, kovu la pua na sikio lililokunjika. Nilimwona ni Ruby, ndiyo maana umemkuta anapumua."

Dwight akawatazama wenzake mmoja mmoja, akimtafuta wa kumwondoa pale kwa mzaha. Safari hii hawakuinamia vikombe. Walikuwa wanamtazama yeye.

"Nje kunakuja mvua," akaanza.

"Iache ije. Nilikuuliza Novemba, sasa nakuuliza mbele ya hawa waliokuhukumia. Ulipomlenga, uliona nini?"

Chini ya meza Ruby alikuwa amesikia sauti ya bwana wake, na mkia wake unapiga sakafu, tap, tap, tap. Dwight akausikiliza. Kofia ikamwanguka, hakuinama kuiokota.

"Otis," akasema. "Nilimwona Otis."